Chungu cha Mapacha Kando ya Sinki

Burumba, Busia (Kenya)
20 Februari 1967

Kwa Apiyo, pacha wangu,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako Okiror, na za mtoto Amongin ambaye siku hizi anatambaa mpaka mlangoni, anamtazama jogoo wa jirani, kisha anarudi akilia. Sisi ni wazima, ila mafua yametupitia nyumba nzima wiki jana. Na wewe je, kifua kimeacha kukusumbua? Na shangazi yetu, senge Auma, na miguu yake wanaendeleaje? Mwambie yale majani aliyonipa niliyachemsha na yamenifaa.

Sasa nikupe habari ya nyumba. Tumehamia. Okiror amepewa nyumba katika ile safu mpya ya makarani, na ina jiko la ndani lenye sinki. Apiyo, bomba liko ndani ya nyumba. Ukifungua maji yanakuja, ukifunga yanakoma, na maji machafu yanashuka yenyewe bila mtu kuyamwaga. Wiki ya kwanza nilikuwa naosha kikombe kimoja mara tatu ili nione tu.

Lakini sinki lina adabu zake. Waliojenga walikumbuka maji, wakasahau mahali pa kuweka dodoki. Kando yake kuna ukingo wa saruji, upana wa viganja viwili. Nikiweka sabuni pale inayeyuka inakuwa uji. Nyuzi za chuma za kusugulia masufuria zinaacha alama ya kutu. Dodoki linalala majini mpaka linanuka kama mbwa aliyenyeshewa, na shemeji yako unamjua kwa usafi. Ananiuliza, "Mama Amongin, ni nini kimekufa huku jikoni?" Nilijaribu kopo la mafuta, likaota kutu siku ya nne. Nikajaribu kikapu cha matete, kikaoza kitako. Nikanunua bakuli la enameli dukani kwa Mutwalibu, zuri, la maua mekundu, lakini halina tundu, kwa hiyo dodoki linaogelea humo mchana kutwa. Jirani yangu Akol amepiga misumari ukutani akatundika vyake vyote, na jikoni mwake sasa utadhani umeingia kwa fundi wa baiskeli.

Ndipo nikakumbuka, na najua utacheka. Kile chungu chetu kidogo cha midomo miwili nilikichukua siku ile nilipoondoka kwenye matanga ya Mama. Kilikuwa ghalani chini ya magunzi na kuku alikuwa akitaga humo. Sikumwuliza mtu, maana kila niliyemtazama alikuwa analia au amelala. Nilikifunga ndani ya leso nikapanda nacho basi. Sasa kimekaa kando ya sinki, na utasema nyanya alikifinyanga kwa kazi hiyo hiyo. Mdomo mmoja unashika dodoki, wa pili brashi na nyuzi za chuma, na pale kati shingo zinapoungana pana kibonde kidogo, hapo kipande cha sabuni kinakaa na kukauka vizuri kabisa. Udongo unakunywa maji yote, hakuna uvundo. Tena kinapendeza, na ile nakshi ya kamba shingoni. Mke wa karani mkuu alikuja kuazima chumvi akasahau chumvi yenyewe. Akaniuliza, "Hiki mlinunua wapi?" Nikamwambia hakinunuliwi.

Ile barua mliyoniandikia Mama alipokuwa mgonjwa haijafika mpaka leo. Nimepita dukani kwa Mutwalibu mara nyingi, maana barua zetu zote zinakuja kwake, na sasa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Nafula muuza dagaa wa omena ameniambia kuna watu wa Busibwabo wameonekana kwetu wamevaa viatu kama waposaji. Ni kweli? Niandikie upesi na usinifiche.

Dada yako wa tumbo moja,
Adongo


Khunyangu
3 Machi 1967

Kwa Adongo,

Salamu zako zimefika. Kifua changu kimepona. Miguu ya senge Auma inauma asubuhi na kupoa jioni. Wote hapa wanakusalimu isipokuwa mimi. Mimi nitakusalimu nikimaliza ninayotaka kusema.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ni utani. Adongo, umetia dodoki mdomoni mwangu. Au ni brashi? Hukusema kipi umekitia wapi, na sidhani ulijiuliza. Mdomo wa kulia ni wangu na wa kushoto ni wako, tangu siku ya saba ya kuzaliwa kwetu, nyanya alipokifinyanga kwa mikono yake. Baba na Mama walivuta pombe ya busaa humo kwa mirija miwili, na watu wakiwaimbia yale matusi wanayoimbiwa wazazi wa mapacha. Mwaka wa sitini na moja, siku ya kwenda kwa Okiror, tuliketi mimi na wewe bega kwa bega, tukavuta pamoja mpaka mirija ikalia chini. Ndipo ukafunguliwa ua ukatoka. Wewe ulipaliwa, nikakupigapiga mgongo. Leo unasugulia masufuria.

Ndiyo, watu wa Busibwabo ni kweli. Anaitwa Vitalis, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole. Harusi ni Jumamosi tarehe 29 Aprili. Watu wake ni wa kanisa sana na mambo ya chungu yanawachekesha, lakini senge Auma amewaambia mbele ya wazee, "Pacha akiolewa, mwenzake anakuja, wanakunywa. Mimi sitoi mtoto nusu." Akaniagiza nikilete chungu akione. Nikaenda ghalani, nikapindua magunzi yote kama mwenda wazimu, na siku tatu baadaye barua yako ikaja kunichekesha.

Mimi nataka kutoka hapa, Adongo. Nina miaka ishirini na tano. Wasichana niliosoma nao katekisimu wana watoto wanaochota maji. Miaka mitatu nimemuuguza Mama, nimemgeuza, nimemlisha, nimefua matandiko yake. Apiyo ni yule aliyetoka haraka, na Adongo ni yule aliyebaki nyuma, ndivyo tulivyoitwa. Hebu tazama sasa ni nani aliyetoka na nani aliyebaki.

Na usiniambie habari za kuku. Kuku hutaga anapotaka. Mwizi hasifiwi kwa kuosha alichoiba. Sisi huku tunaosha vyombo nje kwa majivu, tunavianika kichanjani, jua linafanya kazi yake, na hakuna kinachonuka kama mbwa.

Lete chungu kabla ya Pasaka, ili senge apate siku za kukitoa sabuni. Uje nacho wewe mwenyewe, usimpe mtu wa basi.

Sasa nakusalimu.

Mkubwa wako kwa nusu saa,
Apiyo


Burumba, Busia (Kenya)
10 Machi 1967

Kwa Apiyo,

Hatujambo. Natumaini nanyi hamjambo. Mtoto ameota jino.

Umeniita mwizi. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini nilidhani wewe ungechagua. Mtu anaibaje kitu ambacho nusu yake ni yake? Na kama kilikuwa kitukufu namna hiyo, kwa nini nilikikuta chini ya magunzi kina mayai viza mawili na kinyesi cha panya? Nilikiosha kwa maji ya moto mara nne. Hapa kwangu kimekaa mahali pa mwanga, nakigusa kila siku asubuhi na jioni, na kila mgeni anakisifu. Huko kwenu kilikuwa kinaheshimiwa na kuku peke yake.

Unajua kwa nini nilikichukua? Kwa sababu nilifika nikakuta udongo wa kaburi umeshakauka. Mama alizikwa Alhamisi, mimi nikafika Jumatatu, na habari sikuletewa na ndugu yangu hata mmoja. Niliambiwa na Nafula sokoni mbele ya watu, huku akinipimia omena, akidhani najua. "Pole na Mama," alisema, kisha akaona uso wangu akaacha kupima. Nguo za Mama mlikuwa mmekwisha gawana. Kiti chake amechukua senge. Nilitafuta kitu kimoja cha kushika mkononi njiani nikirudi, nikaona chungu. Hicho ndicho wizi wangu.

Nilikuuliza siku ile mbele ya kaburi kwa nini sikuitwa. Ukaniambia uliandika, posta imepoteza. Niliamini, miezi minne nimeamini, nimemchosha Mutwalibu wa watu kwa kuuliza. Lakini barua yako ya harusi imefika ndani ya wiki moja. Barua zangu zinakufikia. Ni ile moja tu iliyopotea.

Sasa niambie: nani aliiandika, tarehe gani, na juu ya bahasha aliandika nini? Nikijua, chungu kitakuja. Nisipojua, senge Auma akutoe hivyo hivyo nusu.

Dada yako,
Adongo


Khunyangu
21 Machi 1967

Adongo,

Wazima.

Barua niliiandika mimi kwa mkono huu, tarehe 9 Novemba, Mama akiwa bado hai. Niliandika kwamba anaumwa sana, uje upesi. Juu ya bahasha niliandika jina lako, kwa duka la Mutwalibu, Busia. Kama Busia ziko mbili, moja ya kwetu na moja ya Uganda, hilo mwulize aliyechora mpaka. Labda walivusha barua ng'ambo. Siku zile sikujua kwamba lazima kuandika Kenya, sasa najua, na unaona naandika.

Lakini tusijifanye kwamba ni posta iliyokuzuia. Kutoka Busia mpaka hapa ni asubuhi moja kwa basi. Miaka miwili hukuja. Mama alipoanza kushindwa kutembea nilikuandikia, ukajibu utakuja mwezi ujao. Alipoacha kushika kijiko nilikuandikia, ukatuma sukari kilo mbili na kitambaa cha kichwa. Hakuwa na mahali pa kwenda na kitambaa cha kichwa. Barua zile mbili zilifika, na bado hukuja. Basi hata hiyo ya tatu ingefika, ungetuma nini? Sabuni?

Umekuwa mke wa sinki. Unatafuta dodoki lilale wapi, Mama yako hukuuliza alilala wapi.

Pasaka ni Jumapili hii na chungu sikioni. Watu wa Vitalis wameanza kuuliza kama kuna kasoro. Senge ameloweka mtama wa busaa. Nimekwisha kukujibu ulichouliza, sasa nawe timiza neno lako.

Apiyo


Burumba, Busia (Kenya)
8 Aprili 1967

Apiyo,

Sina salamu.

Nilitaka kukuletea chungu. Wiki ile ya Pasaka nilitoa dodoki, nikakisugua, nikakianika juani. Maneno yako ya kitambaa cha kichwa yaliniuma kwa sababu ni ya kweli. Nilikuwa nasema mwezi ujao. Nilidhani Mama hawezi kufa kabla sijapata nafasi, kana kwamba alikuwa ananisubiri mimi na ratiba yangu. Hilo ni kosa langu, na nilikuwa nimekubali kuja kulisema mbele yako na mbele ya senge.

Halafu nikasema, hebu nivuke niitafute hiyo barua, angalau niwe nayo. Nilimbeba Amongin mgongoni, nikavuka kwa miguu mpaka Busia ya upande wa pili, nikaingia posta yao. Karani pale alikuwa mzee mpole. Alisema, "Mama, barua za kwenu huja hapa kila siku, na zetu huenda kwenu. Sisi hatutupi." Akavuta mtoto wa meza uliojaa barua za watu wasiojulikana kule. Tulipekua pamoja, mtoto akila pembe ya bahasha ya mtu. Na ilikuwepo. Mwandiko wako niliuona kabla hata ya kusoma jina, zile herufi zako zinazolala chali.

Niliifungulia pale pale. Ndani umeandika tarehe 9 Novemba. "Mama anakuulizia, njoo upesi tafadhali." Nililia mbele ya yule mzee, nikaanza kutunga maneno ya kukuomba radhi. Nikaigeuza bahasha ili niikunje, na hapo ndipo nikaona muhuri wa posta ya kwenu. Muhuri ni wa tarehe 22 Novemba.

Mama alikufa tarehe 15, akazikwa 17. Mimi nilifika 21, nikakuuliza kaburini, ukasema uliandika. Kesho yake ndiyo 22. Naikumbuka siku ile. Ulibeba debe la mahindi ukasema unakwenda kusaga, nami nikabaki nikifagia ua wa matanga. Ulichelewa, nikawaambia watu wasikusumbue, umechoka kuuguza. Ukarudi na unga, ukatupikia, nikala.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yako imepita Uganda. Uliniandikia "Mama anakuulizia," na Mama yuko chini ya ardhi siku ya tano. Ni mkono wa namna gani unaoandika hivyo?

Dodoki nimelirudisha chunguni. Mdomo wa kulia.

Adongo


Khunyangu
17 Aprili 1967

Kwa Adongo,

Sijui nikusalimu vipi. Kifua kimerudi. Senge anaulizia mtoto.

Ni kweli. Niliiandika tarehe 22, nikaketi juu ya debe nje ya kinu nikisubiri zamu yangu, nikaweka tarehe ya nyuma, nikaipeleka posta. Niliogopa ungemwuliza karani wetu wa posta kama kweli niliituma. Nilidhani itakufikia kwa kuchelewa, utaisoma, utalia, yataisha. Sikuangalia muhuri. Nani huangalia muhuri?

Senge aliniambia niandike tangu tarehe 7. Nikamwambia nimeandika. Yeye hajui lolote, usimlaumu.

Sasa nikuambie sababu, na usidhani naomba huruma. Mama alipozidiwa alianza kuniita Adongo. Namwosha, ananiita Adongo. Namnywesha uji, ananiita Adongo. Tuna uso mmoja, najua, na macho yake yalikuwa yamekwisha. Siku za mwanzo nilimsahihisha. Nilimwambia, "Ni mimi Apiyo, Mama." Akanijibu kwa sauti safi kabisa, "Najua Apiyo yupo. Apiyo yupo siku zote. Mimi nataka Adongo."

Miaka mitatu. Miaka mitatu nimemgeuza ubavu, na mimi ni yule ambaye yupo siku zote, kama kizingiti. Na anayetakiwa ni wewe wa kilo mbili za sukari. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Nikaapa sitakuandikia. Nilijua ukija na leso yako mpya na mtoto mgongoni, atakufia mikononi, na mimi nitatumwa maji ya wageni.

Jumatatu mchana, siku moja kabla ya kufa, alianza tena kuita, na safari hii hakunyamaza. Aliita mpaka sauti ikawa kama ya mtoto. Watu uani walikuwa wanasikia. Nikachoka, Adongo. Nikapiga magoti nikamshika mkono nikasema, "Naam, Mama. Ni mimi Adongo. Nimefika." Akanipapasa uso. Akasema, "Umechelewa." Nikasema basi lilichelewa. Akacheka. Kisha akazungumza nami, yaani na wewe, mpaka jua likafika kwenye mlango wa jikoni. Baada ya hapo hakuita mtu tena. Asubuhi alikuwa amekwenda.

Kwa hiyo alikufa akijua umekuja. Sijui kama nilikufanyia wema au nilikuibia. Hata nilipokuwa naitikia jina lako nilikuwa na hasira, na nilimwitikia hivyo hivyo.

Chungu sikuombi tena. Nimemwambia Vitalis asubiri, labda mambo hayatakuwa tayari. Ameniuliza mpaka lini. Senge hatabadili neno lake, unamjua. Ukitaka kumwonyesha ile bahasha mwonyeshe, nami nitabaki hapa, si ndiyo kazi yangu.

Ila usifikiri kwa kuwa nimekosa basi hasira yangu imekwisha. Ile miaka miwili yako bado iko pale pale.

Apiyo


Burumba, Busia (Kenya)
Jumatano, 26 Aprili 1967

Kwa Apiyo,

Barua hii nampa Nafula mkononi, anakuja soko la huko kesho. Posta sitaki kuisikia.

Yako ilinifikia Jumamosi. Siku tatu nilikuwa naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Okiror alidhani ni malaria akaniletea dawa, nikazinywa ili aniache. Jana nilimwambia yote, naye akaniuliza, "Sasa unamkasirikia dada yako au unamwonea wivu?" Nikamtoa jikoni.

Lakini neno lake limebaki. Mama ameagana na mtu, na mtu huyo alikuwa na jina langu na hakuwa mimi. Nikikumbuka hivyo natamani kukivunja chungu kwenye ukingo wa sinki, nikuletee vipande kwenye kikapu. Nilikishika kabisa, juzi asubuhi. Amongin alinitazama, nikakirudisha.

Usimwambie Vitalis asubiri. Mwambie Jumamosi ni Jumamosi. Nitashuka kwa basi la kwanza Ijumaa, na mtu asije kunipokea stendi. Bahasha sitamwonyesha senge. Si kwa kukuhurumia. Ni kwamba akijua hatakutoa, na mimi sitaki ubaki hapo ukinihesabia miaka yangu miwili mpaka tuzeeke.

Chungu kimefukizwa, kimechemshwa kwa majivu, kimekaa juani jana na leo. Mdomo mmoja umetoka safi. Mwingine bado unanuka sabuni, na nyuzi za chuma zimeuachia rangi. Huo wa sabuni ni wako. Utavuta busaa kwa huo na hutakunja uso mbele ya watu.

Ila hatutakunywa kwanza. Ijumaa, kabla senge hajatuita, tutakwenda mimi na wewe nyuma ya nyumba, pale ulipopasua kuni. Mama alizungumza nami tangu mchana mpaka jua likafika mlango wa jikoni, na mimi sikuwepo. Maneno yale ni yangu. Umekaa nayo miezi mitano na siku kumi na mbili. Wewe uliyeniita mwizi, utanirudishia moja moja, na yale ya kuniuma uyalete pia, hata kama alisema juu yako. Usipunguze, usitengeneze.

Uniambie kwa mdomo. Barua zako nazijua.

Pacha wako,
Adongo